Uzi wa wakimbiaji: kabla hujanunua raba, upime mguu wako jioni

#1 — MchakaMchaka_Tmk

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe linanikera mwaka wa sita sasa.

Kila Januari klabu yetu ya joging hapa Temeke inapokea sura mpya. Watu wanakuja na moto, saa kumi na moja alfajiri wako barabarani, nyimbo wanaitikia. Ikifika Machi nusu yao hatuwaoni. Nikiwapigia simu simsikii mtu akisema amechoka. Nasikia "ugoko unaniuma", "goti limevimba", "nikiamka asubuhi kisigino hakikanyagiki". Kisha wanamalizia kwa kusema mbio si za kwao. Hapo roho inaniuma, kwa sababu raba zao nilikuwa nimeziona siku ya kwanza na nikanyamaza nisionekane mjuaji. Mwaka huu sinyamazi.

Nianze na yangu. Nilikimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi na raba namba 42, namba niliyovaa tangu sekondari. Njia ile inapanda kuelekea Mweka, halafu inarudi ikiteremka mjini. Kupanda nilipanda vizuri, nikapita watu. Mateso yalianza kwenye mteremko. Kila hatua mguu unateleza ndani ya kiatu, vidole vinagonga ukuta wa mbele, du, du, du, kilomita baada ya kilomita. Nilipovua soksi uwanjani, kucha za vidole gumba vyote viwili zilikuwa zimeiva kama zambarau. Ya kulia iling'oka baada ya wiki tatu. Kule nilikonunua ile raba, muuzaji aliniuliza namba, nikamtajia, akanipa. Hakunipima, wala mimi sikumwomba anipime. Nilipokuja kuipima miguu yangu, mtu mzima wa miaka 38, wa kushoto ulikuwa sentimita 26.4 na wa kulia 26.8.

Kwa hiyo fanya hivi leo usiku. Nasema usiku kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na huvimba zaidi ukikimbia, hasa kwa joto letu hili la Dar. Ukiupima asubuhi unapima mguu ambao hutakimbia nao. Weka karatasi sakafuni igusane na ukuta, simama juu yake kisigino kikiwa kimegusa ukuta, uzito wote kwenye mguu huo. Mwombe mtu akuwekee alama kwenye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Angalieni vizuri hapo: si kila mtu kirefu chake ni gumba, wengi wetu cha pili kimelipita. Pima miguu yote miwili, chukua iliyo kubwa, ongeza nusu sentimita hadi sentimita moja. Hiyo ndiyo namba yako ya kukimbilia, na mara nyingi itapita ya kiatu cha ofisini kwa nusu namba au namba nzima.

Ukifika sokoni, funua ulimi wa raba usome kibandiko cha ndani. Kuna mstari wa US, wa UK, wa EUR, na mara nyingi wa CM. Huo wa mwisho ndio wa kuutazama kwanza. Namba 42 ya kampuni hii na 42 ya kampuni ile si kitu kimoja, na US ya wanaume na ya wanawake zinapishana kwa namba moja na nusu. Mimi niliacha kutafuta 42 nikatafuta 27.5, na tangu siku hiyo sijapoteza kucha.

Urefu peke yake hautoshi. Chomoa soli ya ndani ya raba, iweke chini, isimamie ukiwa umenyooka. Nyama ya mguu ikimwagikia nje pembeni, hasa pale penye kifundo cha gumba na cha kidole kidogo, kiatu hicho ni chembamba kwako hata kama urefu umekaa. Sisi tuliokua tunatembea peku na ndala wengi tuna miguu mipana mbele. Baadhi ya kampuni huandika upana: kwa wanaume D ni wa kawaida, 2E ni mpana, 4E mpana zaidi. Ukikutana na 2E na mguu wako ni mpana, usiuache kirahisi.

Sasa nije kwenye lile ambalo watu wanatumiana sana WhatsApp: lowesha mguu, kanyaga sakafu, tazama alama. Eti ukiona unyayo mzima umechapika una unyayo bapa, basi lazima ununue raba yenye sponji ngumu upande wa ndani, zile kama Kayano ya Asics au Adrenaline ya Brooks za miaka ya nyuma. Ukiona tao kubwa, nunua laini. Mimi mwenyewe niliwahi kuwafundisha watu hivyo kwa miaka miwili, na nawaomba radhi. Jeshi la Marekani lilijaribu jambo hili kwa makuruta wake: kundi moja likapewa raba kwa kufuata umbo la unyayo, kundi jingine wote wakapewa raba za aina moja. Walioumia hawakutofautiana kwa kiasi cha maana. Denmark nako walichukua watu zaidi ya 900 wanaoanza kukimbia, wote wakavaa raba ya kawaida isiyo na sponji hiyo ngumu ya kuzuia mguu kulalia ndani, wakafuatiliwa mwaka mzima. Wale ambao miguu yao hulalia ndani hawakuumia zaidi ya wengine.

Mguu kulalia ndani kidogo ukikanyaga si ugonjwa. Ndivyo unavyopunguza kishindo. Raba za kuzuia zina watu wake, na kuna utafiti wa Luxembourg ulioona zinawasaidia baadhi ya wale ambao miguu yao hulalia ndani, lakini usimvike mtu kiatu kigumu kwa sababu ya alama ya maji sakafuni.

Kilichobaki ni kitu ambacho watu wanakidharau kwa sababu kinaonekana cha kitoto: raha. Benno Nigg, profesa wa Chuo Kikuu cha Calgary kule Kanada aliyetumia maisha yake kuchunguza miguu ya wakimbiaji, ndiko alikofikia. Raba ambayo mwili wako unaikubali pale unapoanza kukimbia ndiyo ya kuichukua. Lakini uikimbie. Watu wananunua wakiwa wamekaa kwenye stuli, wanabonyeza kwa kidole mbele, "imenikaa", wanalipa. Toka nje, kimbia hata mita mia uende na kurudi. Pasiwe na panapochoma, panapobana wala panapocheza. Ukisikia "itanyooka nikiizoea", iache hapo hapo.

Ya hatua na mwendo nitaandika chini, tayari nimewachosha.

#2 — Kobelo

Mkuu umeandika vizuri, ila mimi naona mnatukuza sana viatu. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 akiwa peku. Watoto wa Bonde la Ufa wanakwenda shule peku na ndio wanaotawala dunia. Tuvue tu, pesa tule ugali.

#3 — MchakaMchaka_Tmk

Kobelo, nakuheshimu na hoja yako ni ya kweli nusu. Bikila alishinda Roma peku kwa saa 2:15:16. Miaka minne baadaye Tokyo alishinda tena, safari hii na viatu, kwa 2:12:11. Siwezi kusema viatu ndivyo vilivyompa zile dakika tatu, lakini yeye mwenyewe hakuona haja ya kubaki peku.

Kuhusu watoto wa Bonde la Ufa, mtafiti Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard alikwenda kuwatazama akachapisha matokeo mwaka 2010. Aliona waliokua peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na waliokua na viatu hutua kwa kisigino. Mguu wa yule mtoto umejengwa hivyo tangu ana miaka mitatu. Wewe na mimi tumevaa viatu tangu darasa la kwanza, misuli ya shavu la mguu na mshipa ule wa nyuma ya kisigino havijui kazi hiyo. Anayetaka peku aanze na dakika tano kwenye nyasi au mchanga ulioshikamana vizuri, tena mara mbili kwa wiki. Kwenye lami ya Mandela yenye vipande vya chupa, hapana ndugu yangu.

Na hapo niingie kwenye hatua. Mpe rafiki simu, akurekodi kutoka ubavuni kwa mwendo wa polepole ukikimbia kawaida yako. Usijipendezeshe. Simamisha picha pale mguu unapogusa ardhi. Kama wayo umetua karibu chini ya goti, uko salama, iwe ni kisigino au katikati. Kama umetua mbele kabisa, goti limenyooka na vidole vinatazama juu, unajipiga breki kila hatua, na kishindo kinapanda kwenye goti. Hapo kiatu hakitakuponya. Hesabu hatua zako kwa dakika moja, kisha ongeza kidogo, kama ni 160 zifike 168 au 170, kwa kasi ile ile. Hatua zinakuwa fupi zenyewe.

Kwenye kiatu, kinachohusu mwendo zaidi ni mteremko wake, yaani kisigino kimeinuka milimita ngapi kuliko mbele. Raba nyingi za kawaida zina 8 hadi 12, nyingine 4, na kampuni ya Altra raba zake nyingi ni sifuri, bapa kabisa. Kisigino kikiwa juu, shavu la mguu na ule mshipa wa nyuma vinapumzika, goti linabeba zaidi. Kikishuka, goti linapata nafuu na kazi inahamia kwenye shavu la mguu. Kwa hiyo anayesumbuliwa na mshipa wa kisigino asikimbilie raba bapa, na mwenye goti sugu anaweza kushuka taratibu. Taratibu, yaani miezi.

#4 — Belo_la_Karume

Wakuu mimi niko upande wa pili wa meza, nauza raba za mtumba Karume mwaka wa kumi na moja. Mleta uzi asante, na nitasema ambayo wenzangu pengine hawatapenda niseme.

Belo likikatwa, raba za kukimbilia ndizo zinazogombewa kwanza. Tunaosha, tunasugua soli kwa mswaki, tunaweka kamba mpya. Inang'aa. Mteja anatazama juu na chini ya soli, meno anayaona bado yapo, ananunua. Anachopaswa kukitazama ni pale katikati, ile sponji. Bonyeza kwa gumba kutoka pembeni. Nzima inaingia kidogo kisha inarudi mara moja. Iliyokufa iko namna mbili: ama ngumu kama kipande cha mbao, ama unabonyeza na alama inabaki. Ukiona mikunjo midogo mingi ya kulala kama makunyanzi ya paji la uso, hasa upande wa kisigino, hiyo imeshakimbia kilomita zake zote huko ilikotoka.

Pili, iweke juu ya meza iliyo sawa, chuchumaa uitazame kutoka nyuma. Kisigino kiwe wima. Kikiwa kimelalia ndani au nje, kimefuata mguu wa mwenye nacho wa kwanza, na wewe kitakupeleka huko huko.

Tatu ni hii, imewaliza wengi. Kuna raba inakuja kama haijavaliwa, soli safi, rangi mpya, bei inapanda. Kumbe imekaa stoo ya mtu miaka kumi. Zile zenye soli ya poliurethani, aina ya plastiki, huoza kwa unyevunyevu wa hewa hata bila kuvaliwa. Unaikimbia siku mbili inapasuka na kumeguka kama keki kavu. Ikunje mbele ya muuzaji, mara tatu, nne. Akikukataza kuikunja, rudisha.

Gundi nayo inanusika. Ukisikia gundi mbichi mpya, imebandikwa soli jana. Fundi mzuri akibandika si kosa, ila uambiwe.

#5 — Mama_Wawili

Kaka mleta uzi, samahani kwa swali la kizamani. Kabla ya watoto nilivaa 38. Baada ya mtoto wa pili 38 haiingii, nikadhani ni mwili. Nikachukua raba ya mume wangu, urefu iko sawa lakini kisigino kinachomoka kila nikipanda kamlima. Nimepata malengelenge pande zote mbili. Nibaki na soksi mbili au?

#6 — MchakaMchaka_Tmk

Dada, swali si la kizamani hata kidogo. Ujauzito huweza kurefusha na kutanua mguu, na kwa wengi haurudi. 38 imeshakuaga, usigombane nayo.

Raba ya shemeji inakusumbua kwa sababu ya kalibu yake. Viatu vya kike kwa kawaida hukatwa vyembamba kisigino kuliko mbele, vya kiume huwa vipana nyuma. Soksi mbili zitakubana mbele na nyuma bado kitacheza. Pima usiku kama nilivyoeleza, utafute ya kike yenye CM yako.

Kwa sasa hivi jaribu hili. Tazama tundu la mwisho juu kabisa, karibu na kifundo, lile ambalo kila mtu hulipita. Pitisha kamba kutoka tundu la chini yake kwenda kwenye hilo la mwisho, upande ule ule, ubaki na kitanzi kidogo kwa nje. Fanya hivyo kulia na kushoto. Sasa pitisha kamba ya kulia ndani ya kitanzi cha kushoto, na ya kushoto ndani ya cha kulia, vuta kuelekea chini, ndipo ufunge. Utasikia kiatu kinakumbatia kisigino bila kuubana mguu juu. Hata wewe mwenye kucha nyeusi za mteremkoni, jifunze fundo hili.

#7 — Mwanariadha_Uasin_Gishu

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Naandika kutoka Eldoret. Ningependa kuongeza kuhusu barabara. Hapa na kule Iten mazoezi mengi hufanyika kwenye barabara za murramu, ule udongo mwekundu. Udongo unasaidia miguu, lami haisamehe. Kwa hivyo mtu asinakili raba ya mtu wa Iten bila kuangalia yeye anakimbilia wapi.

La pili, wenye uwezo wasiwe na jozi moja tu. Kuna utafiti ulionyesha kuwa wanaobadilisha jozi tofauti ndani ya wiki waliumia kidogo kuliko wanaovaa moja kila siku, kwa kuwa kila kiatu kinauchosha mguu mahali pake. Hata mbili za mtumba zinatosha. Na sponji inapata muda wa kukauka.

Msizianike juani, tafadhali. Gazeti ndani, kivulini, zilale.

#8 — Dogo_wa_Kasi

Wakuu, tangu Alphonce Simbu atupe dhahabu ya dunia kule Tokyo Septemba 2025 mimi silali. Nataka zile raba nene zenye bamba la kaboni. Nimeona moja Kariakoo kwa bei poa. Nina miezi minne kwenye mbio.

#9 — MchakaMchaka_Tmk

Dogo, ile siku hata mimi nililia sebuleni. Simbu na Mjerumani Amanal Petros wameandikiwa muda mmoja, 2:09:48, dhahabu ikaamuliwa kwenye utepe kwa picha. Moto huo usiuzime.

Lakini raba za kaboni ni za siku ya mashindano na za kasi. Sponji yake ni nyepesi mno, inarudisha nguvu, na inachoka mapema kuliko ya raba ya mazoezi, ambayo hukupa kama kilomita 500 hadi 800. Ni ndefu kwenda juu, sheria ya Riadha ya Dunia inaruhusu hadi milimita 40 barabarani na bamba moja tu ndani. Ukikata kona za mitaani kwetu zenye mashimo, kifundo kinacheza. Na kaboni ya "bei poa" nina wasiwasi nayo: nimewahi kupasua moja ya namna hiyo kwa kisu cha fundi viatu, ndani palikuwa na kipande cha plastiki. Nunua raba ya kawaida ya mazoezi, kimbia mwaka mmoja, kisha tuzungumze.

#10 — Daktari_wa_Viungo

Nyongeza fupi. Maumivu ya ugoko yakiwa yamesambaa na yanapungua ukipumzika, punguza kilomita na angalia raba. Yakiwa mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa ncha ya kidole, na yanauma hata usiku ukiwa umelala, acha kukimbia uende hospitali, huenda mfupa umepata ufa. Na mwenye kisukari asichague raba kwa kusikilizia tu, kwa sababu mguu wake unaweza usimwambie kwamba unabanwa. Akaguliwe miguu kwanza, na avue atazame kila baada ya kukimbia.

#11 — Mama_Wawili

Nimerudi. Nimepimwa na binti yangu wa darasa la tano, saa mbili usiku, kwa rula ya shule. Kushoto 24.9, kulia 24.7. Leo nimekwenda Karume na kikaratasi mkononi. Nimebonyeza sponji za raba nane, moja nimeikunja mwenye meza akanuna. Ya tisa imeandikwa 25.5, kisigino wima. Nimekimbia hadi kwenye kibanda cha chipsi na kurudi, watu wananitazama. Hakuna kinachochomoka. Elfu 35. Kaka, Jumamosi mnaanzia wapi?

#12 — MchakaMchaka_Tmk

Dada, tunaanzia uwanja wa Mwembe Yanga, saa kumi na moja na nusu. Njoo na hiyo hiyo, na kikaratasi usikitupe.